Fataki za mwaka mpya, sisi wa nyumba za makuti

Hapa Bagamoyo mwezi Desemba kaskazi huvuma kutoka baharini, na cheche moja ikitua kwenye makuti makavu, paa limekwenda. Jiko letu la uani liliteketea hivyo, mama akalia mpaka asubuhi. Basi ukishapata kibali cha polisi, nenda ufukweni maji yakipwa. Chimbia fataki nusu mchangani, weka ndoo mbili za maji karibu, watoto wakae hatua 30 nyuma. Nyoosha mkono, washa, ondoka. Usiinamishe uso juu yake. Isipolipuka, iache dakika 20, halafu iloweke. Zile za kushika mkononi hufika nyuzi joto 1,000, jamani, msiwape watoto wadogo! Ukiungua, mwagia maji ya bomba dakika 20, siyo dawa ya meno. Zimamoto ni 114.