Mtoto akiwekewa puto la kutanua ngozi: kazi iliyobaki nyumbani

Mimi ni muuguzi, nakaa Makorora, Tanga. Haya nawaandikia kina mama wenye mtoto aliyeungua kichwani, kovu likapona bila nywele, kama mpwa wangu aliyemwagikiwa chai.

Puto ni mfuko wa silikoni. Daktari huuingiza mtupu chini ya ngozi isiyoungua iliyo kando ya kovu. Mshono ukishapona, aghalabu baada ya wiki mbili hivi, huongezwa maji ya chumvi kwa sindano nyembamba, kidogo kidogo, mara nyingi kila wiki, kwa miezi kadhaa. Kisha upasuaji wa pili: puto hutolewa, kovu hukatwa, ngozi iliyotanuka huvutwa ikafunika pale, na nywele zake na rangi yake. Kwa kichwa, sijaona njia inayonipendeza kuliko hii.

Hatari iko hapo katikati, mtoto akiwa mikononi mwako. Kila asubuhi nawa kwa sabuni, mkalishe penye mwanga, tazama ngozi juu ya puto na mshono wote. Usibonyeze. Ngozi nyeusi huchelewa kuonyesha wekundu, basi gusa kwa mgongo wa mkono: pana moto kuliko upande wa pili? Joto hilo, homa, usaha, mshono kuachia, ngozi kugeuka nyeusi kuliko rangi yake ya kawaida, au kuwa nyembamba mpaka puto linaonekana, puto kusinyaa ghafla: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuvutwa na maumivu kidogo siku ya kujazwa ni kawaida. Akilia kwa maumivu makali sindano ikiwa ndani, sema hapo hapo. Maji yanaweza kupunguzwa.

Mafuta ya nazi ya bibi, majani, kukanda: hapana, hata bibi akinuna. Asibebe ndoo kichwani, asicheze mpira. Ushungi uwe wa pamba, usibane, pini zikae mbali. Alalie upande mwingine.

Watu watauliza uvimbe ule ni nini. Nenda mwenyewe ukamweleze mwalimu, na wa madrasa pia. Mpwa wangu tulimpa jibu: “Ni ngozi yangu mpya inakua.” Alilitamka kwa kujiamini, wenzake wakazoea.

Na kabla hujakubali upasuaji wa kwanza, muulize daktari: sindano za kila wiki atachomwa hospitali gani, na kovu hili litahitaji puto mara moja au zaidi? Nauli ya Dar es Salaam kila wiki ndiyo inayowakatisha wengi njiani.