Jinsi ya kupanga picha mbili zinazocheza kwa pamoja katika sanaa ya video

Kabla ya kuongeza picha ya pili, amua itafanya kazi gani ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya ikiwa peke yake. Picha zinazocheza kwa pamoja zinaweza kuungana zikawa mandhari moja pana, au kila moja ikashika njia yake. Mfaransa Abel Gance alitumia njia zote mbili mwaka 1927, alipoimalizia filamu yake ya Napoléon kwa projekta tatu zilizoonyesha picha kandokando. Anayeanza atosheke na skrini mbili, kwa sababu udhaifu unaoonekana wazi kwenye skrini mbili hujificha ndani ya vurugu za skrini tano.

Amua mapema pia mtazamaji atasimama wapi. Skrini zikiwa kandokando, jicho huzilinganisha bila taabu. Zikitazamana, mtu hulazimika kugeuka, na kila anapogeuka kuna jambo linalompita. Shirin Neshat, msanii mzaliwa wa Iran, aliujengea maana ulazima huo katika Turbulent ya mwaka 1998: kwenye skrini moja mwanamume anaimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, na kwenye skrini ya pili mwanamke anasubiri zamu yake, kisha anaimba katika ukumbi usio na mtu. Kinachofaa kuigwa hapo ni kule kusubiri. Wakati upande mmoja unasema, upande wa pili haukuzimwa. Umetulia, na utulivu wake unaonekana.

Unapohariri, tengeneza mradi mmoja wenye upana wa pikseli 3840 na kimo cha 1080, kisha uweke video zako mbili za 1920 kwa 1080 ubavu kwa ubavu, ili uzione pamoja tangu mwanzo. Kumaliza video moja kwanza ndipo utafute ya kuandamana nayo ni njia ninayoikataa, kwani ya pili hugeuka pambo. Usikate, yaani usiruke kutoka picha moja hadi nyingine, pande zote mbili kwa wakati mmoja isipokuwa unataka mshtuko. Jicho hufuata kinachosogea, hivyo ukitaka mtazamaji ahamie kulia, tuliza kushoto kwanza, halafu anzisha mwendo kulia. Skrini nyeusi kwa sekunde kadhaa nayo ni chombo halali, ingawa wasanii wengi huiogopa.

Sauti ndiyo inayoongoza macho kuliko kitu kingine chochote. Maneno ya watu wawili yakisikika kwa nguvu sawa, hakuna atakayeeleweka. Acha upande mmoja uongoze, na kila upande uwe na spika yake karibu na skrini.

Katika kuonyesha, kompyuta moja yenye njia mbili za kutolea picha ni salama zaidi kuliko vichezeshi viwili vya video visivyounganishwa, ambavyo huanza pamoja lakini huachana kidogo kidogo kila video inaporudi mwanzo. Kwa video ya fremu 25 (picha moja moja zinazoiunda) kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40: tofauti hiyo haionekani kirahisi, bali ikijilimbikiza, mdomo ulioko skrini moja hautalingana tena na sauti inayotoka upande wa pili. Weka alama nyeupe ya fremu moja mwanzoni mwa video zote mbili wakati wa majaribio, acha kazi ijirudie kwa saa zote ambazo ukumbi utakuwa wazi, kisha utazame kama alama hizo bado zinawaka pamoja. Ukiridhika, ziondoe kabla ya wageni kuingia.