Ubalozi wako ughaibuni: unachoweza na usichoweza kukufanyia

Wengi huondoka nyumbani wakiamini ubalozi ni kipande cha ardhi ya nchi yao. Si kweli. Jengo limesimama kwenye ardhi ya mwenyeji na sheria zake zinatumika humo. Mkataba wa Vienna wa 1961 unawazuia tu polisi wake kuingia bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Mtoto akizaliwa ukumbini mle, hajazaliwa nyumbani.

Unaokugusa zaidi ni mkataba wa pili wa Vienna, wa 1963, hasa kifungu cha 36. Ukikamatwa ugenini, polisi wanatakiwa wakueleze bila kuchelewa kwamba una haki ya ubalozi wako kuarifiwa. Usingoje waseme. Tamka mwenyewe, "Naomba ubalozi wangu uarifiwe," kisha uliza jina la aliyepokea ombi na ukumbuke ilikuwa saa ngapi. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walihukumiwa kifo Arizona bila kuelezwa haki hiyo. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilikiuka mkataba, lakini wote wawili walikuwa wameshauawa tangu 1999.

Afisa akija, usitarajie akutoe. Atakutembelea, atakuonyesha mawakili wa kuwafuata, atawajulisha ndugu zako ukitaka. Faini halipi, na hakimu hamwingilii. Je, kama serikali yenu ndiyo unayoikimbia? Kwa kawaida ubalozi huarifiwa ukiomba tu, ila nchi mbili zinaweza kukubaliana kwamba taarifa itolewe utake usitake. Marekani ina makubaliano ya namna hiyo na nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kwa hiyo mwambie wakili wako mapema.

Ulipo hakuna ubalozi? Tafuta ule wa nchi jirani unaohudumia eneo lako. Konseli wa heshima, yaani mtu aliyeteuliwa na nchi yako kuiwakilisha bila kuwa mwanadiplomasia wa kazi, naye anasaidia, ila mara nyingi ni raia wa hukohuko mwenye mamlaka finyu, hivyo piga simu kwanza uulize kama anapokea maombi ya pasipoti kabla hujalipa nauli.

Kinachosumbua watu wengi kuliko kukamatwa, hata hivyo, ni kuthibitisha vyeti vya kwenu ili vikubalike ugenini. Chini ya Mkataba wa Hague wa 1961, nchi zote mbili zikiwa wanachama, muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho kwamba saini na mhuri wa cheti ni halali, kutoka nchi iliyotoa cheti unatosha. Burundi na Rwanda zimo. Nchi moja ikiwa nje ya mkataba, mlolongo ni mrefu: cheti kinapita kwanza wizara ya mambo ya nje ya kwenu, ndipo kiende ubalozi wa nchi utakakokitumia. Ukianzia ubalozini, utarudishwa. Fanya haya kabla ya kusafiri, maana wizara inathibitisha saini ya msajili wa kwenu, na sampuli ya saini hiyo iko huko nyumbani.