Kuchagua anwani ambayo chrony hutumia inapouliza saa

Mashine ikiwa na anwani za IP zaidi ya moja, chrony (programu inayosawazisha saa ya mashine na seva za saa) haichagui iulize saa kwa anwani ipi. Keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) ndiyo huamua, kwa kufuata jedwali la njia. Ikiwa seva ya saa inaruhusu anwani moja tu na ombi limetoka na nyingine, jibu halirudi, na `chronyc sources` hukuonyesha Reach 0, yaani hakuna jibu lililofika.

Tazama kwanza keneli inachagua nini (hapa 10.20.0.5 ni mfano wa seva ya saa):

`ip route get 10.20.0.5`

Anwani iliyo baada ya `src` ndiyo itakayotumika. Kama siyo unayoitaka (hapa mfano ni 10.10.0.7), fungua `/etc/chrony/chrony.conf` (Debian, Ubuntu) au `/etc/chrony.conf` (Fedora, RHEL), uongeze:

`bindacqaddress 10.10.0.7`

Usiichanganye na `bindaddress`, kosa la kila siku. Hiyo huamua chrony isikilize wapi maombi ya wateja kwenye poti 123, na haigusi yanayotoka.

Anzisha huduma upya. `chronyc reload sources` haitoshi, kwani haisomi faili hili. Kisha hakiki:

`sudo tcpdump -ni any udp port 123`
`sudo chronyc ntpdata`

Amri ya kwanza inaonyesha pakiti zinazopita, ya pili inaonyesha anwani ya kwako kwenye mstari wa Local address. Ombi la chrony hutoka poti ya bahati nasibu, si 123, kwa hiyo faiwoli inayoruhusu 123 kwenda 123 pekee italizuia. Majibu 8 yakifika mfululizo, Reach husoma 377, namba ya msingi wa 8.

Jambo linalowachanganya wengi: `bindacqaddress` haichagui njia. Ukiweka anwani ya eth1 (kadi moja ya mtandao) huku njia ya kwenda seva ikipita eth0 (kadi nyingine), ombi litatoka eth0 likiwa na anwani ya eth1. Jibu likirudi kupitia eth1 na `rp_filter` (ukaguzi wa keneli wa njia ambayo pakiti imeingilia) ikiwa 1, keneli hulitupa kimya kimya. Rekebisha njia, kulegeza `rp_filter` kuwa 2 ni kuziba pancha tu.

`bindacqaddress` hukubali anwani moja ya IPv4 na moja ya IPv6. Ukiweka ya IPv4 tu, maombi ya IPv6 yanaendelea kuchaguliwa na keneli. Kama kila seva inataka anwani yake, usiweke `bindacqaddress`, bali ushughulikie njia:

`ip route replace 10.20.0.0/16 via 10.10.0.1 src 10.10.0.7`

Amri hiyo hupotea mashine ikizimwa. Kwenye netplan (zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao), iandike chini ya `routes`, na anwani uiweke kwenye `from`.