Kununua Yamaha V-Max ya zamani ukiwa Dodoma: ukague nini, na uizoee vipi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina joto, rudi kesho asubuhi, maana pikipiki kubwa ya zamani huficha maradhi yake mengi ikishapashwa moto.

V-Max zinazozungumziwa hapa ni zile za 1985 hadi 2007: silinda 4 zilizopangwa kwa umbo la V, cc 1198, injini inayopozwa kwa maji, na shafti badala ya cheni. Yenye nguvu kamili ina farasi 145. Angalia neno hilo "kamili", kwa sababu pikipiki nyingi zilizotumika zinazoshuka bandari ya Dar es Salaam zinatoka Japani, na V-Max iliyouzwa Japani kwenyewe kuanzia 1990 ilipunguzwa hadi farasi 97 na haina V-Boost. Ni pikipiki nzuri bado, lakini usiilipie bei ya ile nyingine.

V-Boost ni hivi: injini ikizunguka chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika, kila kabureta inalisha silinda yake. Ikifika 6,000, vipepeo vilivyo kwenye njia ya hewa huanza kufunguka, na ikifika 8,000 vimefunguka vyote, kabureta mbili zikilisha silinda moja. Kujua kama ipo, washa swichi bila kupiga stata na usikilize kimota kidogo kikivuta vipepeo na kuvirudisha. Usiposikia, omba kava la juu lifunguliwe uone kimota na nyaya zake. Wala usidanganywe na umbo la tangi: lile la mbele ni kava la hewa tu, petroli inakaa chini ya kiti, lita 15.

Sasa piga stata. Mlio wa kusaga, kama mawe kwenye kinu, ni klachi ya stata. Huharibika kwa sababu betri dhaifu inashindwa kuzungusha injini, injini inarudi nyuma, na vibano vya ndani vinapasuka au boliti zinalegea. Kwa hiyo betri mpya iliyowekwa jana haifuti miaka miwili ya betri mbovu.

Ikiwaka, iache iungurume kama dakika moja, kisha dondoshea matone ya maji kwenye mabomba manne ya moshi pale yanapotokea kwenye silinda. Matatu yatachemka na kukauka papo hapo. La nne likibaki na maji, silinda hiyo haichomi. Badilisha plagi kwanza (NGK DPR8EA-9, nafasi milimita 0.8 hadi 0.9). Kama bado, ni jeti ndogo ya kabureta iliyoziba kwa petroli iliyokaa miezi ikageuka ulimbo. Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na linatibika, ila kabureta zinatoka zote nne kwa pamoja na zikirudi lazima zisawazishwe kwa geji za mvuto wa hewa. Fundi hodari wa Boxer amezoea kabureta moja. Muulize kama ana geji nne kabla hujamkabidhi bisibisi. Kagua pia mipira inayoshika kabureta: nyunyiza maji kidogo pembeni yake injini ikiunguruma polepole bila kuvuta mafuta, mlio ukibadilika mpira umepasuka.

Usiondoke hapo kabla feni ya rejeta haijawaka yenyewe. Jua la saa nane pale foleni ya mjini litaitafuta feni hiyo kila siku, na isipofanya kazi utajua umechelewa.

Umeme unahitaji mita. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikiwa mizunguko 3,000 isome 14 hadi 14.8. Ikisoma chini ya 13.5, fuata waya tatu nyeupe zinazotoka kwenye koili ya chaji hadi kwenye soketi yake. Mara nyingi utakuta plastiki imeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi. Soketi ikishika vumbi na kutu, upinzani unapanda, joto linapanda, chaji inashuka, na mwishowe koili nayo inaungua. Dawa ni kuikata soketi, kuunganisha waya moja kwa moja kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kusinyaa. Kazi ya nusu saa, lakini itumie kujadili bei.

Gia ya pili haijadiliwi. Toka mjini, kwa mfano barabara ya Singida ukishapita Nala, tafuta mahali peupe penye mwinuko kidogo. Ukiwa gia ya pili, mizunguko 3,000, vuta mafuta kwa nguvu hadi karibu 6,000. Rudia mara kadhaa. Ikiruka hata mara moja, injini ikapiga kelele bila kuvuta, meno ya kushikia gia yamelika mviringo. Husababishwa na waendeshaji wanaoondoka kwa fujo na kubadilisha gia bila kuikamilisha. Ili kuitengeneza, injini lazima itoke kwenye fremu na ipasuliwe katikati, na wanaoweza kazi hiyo wakairudisha salama ni wachache. Punguzo lolote atakalokupa muuzaji halitoshi. Iache.

Mengine ni ya haraka. Inua tairi la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tafuta mafuta kwenye miguu ya shokapu za mbele, na unyevu kwenye silinda ndogo ya klachi, kwani klachi yake husukumwa kwa maji kama breki, si kwa waya. Tairi lina tarakimu nne za tarehe: 1508 maana yake wiki ya 15 ya mwaka 2008, na tairi hilo hata likiwa na kashata zote ni la kutupa. Breki za kuanzia 1993 ni bora zaidi, na shokapu zake za mbele ni nene, milimita 43 badala ya 40. Ukiwa na uchaguzi, chukua hizo.

Namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu ilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Umiliki ubadilishwe TRA ninyi wawili mkiwa bado mnapokea simu. Leseni iwe daraja A, si A1.

Ikishakuwa yako, usiamini mafuta yoyote uliyoyakuta ndani. Oili ni lita 3.8 ukibadilisha na filta. Chukua iliyoandikwa JASO MA, ile ile 20W-40 au 20W-50 ya pikipiki inayouzwa madukani. Oili ya gari ya kubana matumizi ya petroli hufanya klachi iteleze, kwa kuwa klachi inaoga humo humo. Shafti inataka mililita 200 za oili ya gia. Maji ya breki na ya klachi DOT 4, mapya. Kila tairi la nyuma likifunguliwa, paka meno ya shafti grisi yenye molibdenamu, yasipopakwa hulika kimya kimya. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.11 hadi 0.15, za kutoa 0.26 hadi 0.30.

Kwa wiki za mwanzo baki chini ya mizunguko 5,000 na ujifunze uzito. Ni zaidi ya kilo 260 kabla ya petroli, na fremu yake haikuundwa kwa kona za kasi. Ikianza kuyumba kwenye mwendo mkubwa usifunge mafuta ghafla. Legeza mikono, punguza taratibu, kisha ukakague beringi za shingo, za mkono wa nyuma (unaoshika tairi la nyuma) na upepo wa tairi. Upepo wa Dodoma kiangazi unaisukuma kwa ubavu, hasa ukipishana na malori.

Safari ya Morogoro ni kilomita 260 hivi, na tangi linakupa kama 160 kabla ya kugusa akiba. Jaza Gairo, hata kama unadhani iliyobaki inatosha. Vijijini shika 50: wenye tochi wapo, na mbuzi nao wapo. Beba kamba za kuzibia tairi na pampu ndogo, miiba ya migunga haichagui tairi. Filta ya hewa ifunguliwe kila kilomita 3,000 wakati wa vumbi.

Ukienda kikazi mwezi mzima na kuiacha, fungua skrubu za chini za vikombe vinne vya kabureta, petroli ishuke yote kwenye chupa, halafu toa waya hasi wa betri.