Ukiacha PHP ya zamani, iandike kwenye composer.json

Wenzangu mnaotunza laibrari za barua pepe, mkiamua kuachana na matoleo ya zamani ya PHP (lugha ya programu) msiishie kutangaza kwenye README, faili la maelezo. Fungueni composer.json, faili la mipangilio ya Composer (zana ya kusakinisha laibrari za PHP), sehemu ya "require", mpandishe "php" iwe, tuseme, ">=8.1". Composer husoma mstari huo, hivyo aliyebaki na PHP 7.4 ataendelea kupewa toleo lenu la mwisho linalomfaa, na barua zake zitazidi kwenda.

Msione haya: 7.4 yenyewe haipati marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022. PHPMailer, laibrari ya PHP ya kutuma barua pepe, walipotoa 6.0 mwaka 2017 walitaka PHP 5.5 na kuendelea, na faili la PHPMailerAutoload.php, lililokuwa likipakia klasi zake, likaondolewa. Ila tagi (alama za Git zinazotambulisha kila toleo) za matoleo ya zamani tafadhali msizifute, kuna watu bado wanazitegemea.