Namna ya Kumrudisha Mwanamuziki Mkongwe wa Roki Kwenye Ziara ya Dunia

Mwanamuziki wa roki aliyekaa miaka mingi bila kusafiri anapotangaza kwamba anataka kurudi jukwaani, jambo la kwanza ambalo watu wake hulifanya ni kutandaza ramani na kuanza kuhesabu viwanja. Huko ni kuanzia mwisho. Mashabiki wa msanii wa namna hiyo kwa kawaida wapo, tena wana hamu, na tiketi zitanunuliwa. Kisichojulikana ni kama koo, masikio, mgongo na moyo wa mtu mwenye umri wa miaka 70 vitahimili kazi aliyoifanya akiwa na miaka 30. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya mameneja na waratibu wa ziara, unashika msimamo mmoja: kalenda ichorwe kwa kufuata mwili wa msanii, na mambo mengine yote, kuanzia mikataba hadi malori, yaifuate kalenda hiyo.

Uchunguzi wa afya kabla ya kusaini chochote

Mpeleke msanii kwa daktari wa masikio, pua na koo aliyezoea kutibu waimbaji, miezi isiyopungua sita kabla ya kutangaza tarehe yoyote. Daktari huyo atapitisha kamera ndogo yenye mwanga wa kumetameta ili aone jinsi nyuzi za sauti zinavyotetema na kukutana, kwa kuwa vinundu, makovu ya zamani na misuli iliyosinyaa kwa umri havitambuliki kwa kusikiliza tu. Noti za juu ndizo huwa ngumu kufikiwa kadiri miaka inavyosonga, na ubishi wa kuzilazimisha kila usiku huchosha koo kuliko wingi wa nyimbo. Dawa yake ni kushusha ufunguo wa wimbo, yaani kuupiga na kuuimba wote kwa noti za chini zaidi. Elton John alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1987, akarudi na sauti nzito zaidi, akaendelea kuimba nyimbo zake za ujanani kwa zaidi ya miongo mitatu huku viwanja vikijaa.

Uamuzi wa kushusha ufunguo ufanywe kabla ya mazoezi ya kwanza na usiachwe hadi siku ambayo sauti itagoma. Gitaa zikilegezwa nusu toni, mpiga gitaa anabaki na mikao ileile ya vidole aliyoizoea. Zikilegezwa zaidi ya hapo, zitahitaji nyuzi nene na marekebisho ya fundi. Wapiga ala za upepo watahitaji noti mpya, na sauti zozote zilizorekodiwa kwa ajili ya kuchezwa sambamba na bendi itabidi ziandaliwe upya.

Masikio yanastahili uzito uleule, ingawa wasanii wengi huyasahau kwa sababu hayaumi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na muda huo hupungua kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3, kiasi kwamba kwa desibeli 100, ambazo si jambo la ajabu kwenye jukwaa la roki, kikomo ni dakika 15 tu. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alionywa na madaktari mwaka 2016 kwamba asipoacha ziara mara moja angeweza kuwa kiziwi kabisa, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, ndiye aliyemalizia tarehe zilizobaki. Johnson alirudi jukwaani na bendi hiyo Oktoba 2023 huko Indio, California, na mwaka uliofuata wakazunguka viwanja vya Ulaya. Fanya kipimo cha usikivu mwanzoni, kisha badilisha spika zinazomwelekea mwanamuziki ziwe vipokea sauti vya masikioni vilivyochongwa kwa umbo la sikio lake, na uhamishie amplifaya nyuma au chini ya jukwaa. Mkongwe atalalamika kwamba hausikii tena mvumo wa bendi kifuani. Mwache alalamike, lakini usimrudishie amplifaya.

Baada ya hapo zipimwe moyo, mishipa ya damu, viungo na mgongo. Ugonjwa unaogunduliwa mapema haumalizi ziara: Mick Jagger, mwimbaji wa The Rolling Stones, alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo Aprili 2019 akiwa na miaka 75, tarehe zikasogezwa, na Juni mwaka huohuo alikuwa jukwaani Chicago. Wala ulemavu si kizuizi iwapo onyesho limebuniwa kuuzingatia. Phil Collins, mwimbaji na mpiga ngoma, alirudi mwaka 2017 akiimba akiwa ameketi kwenye kiti, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyoharibika ilimzuia kupiga ngoma, na ngoma akamwachia mwanawe Nicholas, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16. Kiti kiliwekwa mbele, kwenye mwanga, bila kufichwa. Hadhira huwa na huruma kwa kile inachoonyeshwa wazi kuliko kwa kile inachohisi inafichwa.

Kuigeuza afya kuwa kalenda

Hapa ndipo meneja anapopaswa kuwa mkaidi. Kwa mwimbaji aliyepita miaka 65 anayeimba saa mbili au zaidi, maonyesho matatu kwa wiki ni kiwango cha juu, na kati ya onyesho moja na jingine kuwe na siku nzima isiyo na mahojiano, mazoezi ya sauti kubwa wala safari ndefu ya ndege. Usiku mbili mfululizo zikubaliwe tu ikiwa ni katika mji uleule. The Rolling Stones walipozunguka Marekani ya Kaskazini mwaka 2024, walifanya maonyesho takriban 20 ndani ya kipindi cha karibu miezi mitatu. Promota (mwandaaji wa maonyesho) mwenye tamaa angeweza kubana idadi hiyo katika wiki tano, na pengine asingeyafikisha yote mwisho.

Gawa ziara katika awamu za wiki nne hadi sita, kila moja katika bara moja, na uache mapumziko marefu katikati. Viwanja vya wazi katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini hutumiwa zaidi kuanzia Mei hadi Septemba. Australia na nchi za kusini mwa Amerika zina kiangazi chao kuanzia Desemba hadi Machi. Kumbi zilizoezekwa hujaza miezi inayobaki. Mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti ya majira, kwa hiyo msanii anayevuka kutoka London hadi Tokyo asipewe onyesho kesho yake. Acha pia tarehe chache tupu mwishoni mwa kila awamu, ambazo kumbi zimeshikiliwa lakini hazijatangazwa, ili onyesho lililoahirishwa lipate pa kwenda.

Suala la bendi lina ugumu wake, ambao si wa kimwili. Kabla ya jina kuchapishwa kwenye bango, mwanasheria athibitishe ni nani anayelimiliki, kwani wanachama waliotengana zamani mara nyingi wana hisa au haki ya kupinga. Pale ambapo mwenzao amefariki, tafuta kauli ya familia mapema: Geddy Lee na Alex Lifeson wa bendi ya Rush walipotangaza Oktoba 2025 kwamba wangerudi wakiwa na Anika Nilles kwenye ngoma, miaka mitano baada ya kifo cha mpiga ngoma wao Neil Peart, tangazo lao liliambatana na tamko la mjane na binti wa marehemu la kuunga mkono jambo hilo. Mjadala ambao ungeweza kuivuruga ziara ulipatiwa jibu siku ileile.

Mazoezi na mpangilio wa nyimbo

Mazoezi huwa ya aina mbili na hayafai kuchanganywa. Ya kwanza ni ya muziki, katika chumba kidogo, ambako bendi inajifunza upya nyimbo katika funguo mpya. Ya pili ni ya onyesho zima, pamoja na taa, skrini na mitambo, katika jengo kubwa lenye nafasi ya kusimamisha jukwaa kamili. Maeneo kama Lititz, Pennsylvania, yamejengwa mahususi kwa kazi hiyo. Baada ya mazoezi hayo, usimpeleke msanii moja kwa moja kwenye uwanja wa watu 60,000. Leonard Cohen, ambaye hakuwa mwanaroki kwa maana kamili lakini safari yake inafundisha kuliko za wanaroki wengi, alirudi Mei 2008 akiwa na miaka 73, baada ya miaka 15 bila ziara, na alianzia katika ukumbi mdogo wa Fredericton na miji mingine ya mashariki mwa Kanada kabla ya kuvuka kwenda Ulaya.

Katika kupanga nyimbo, wimbo unaodai noti za juu kabisa usifungue onyesho wala usiwekwe mwisho. Nafasi yake ni baada ya nyimbo nne au tano, koo likiwa limepata joto na halijachoka. Nyimbo mbili ngumu zitenganishwe na wimbo wa taratibu au kipande cha ala tupu kinachompa mwimbaji dakika chache za kunywa maji. Skrini ya maneno iwekwe sakafuni, wala hakuna aibu katika hilo. Nyimbo mpya zisizidi robo ya onyesho, isipokuwa kama tangazo limesema wazi kwamba albamu mpya ndiyo kiini cha ziara.

Mizigo, mipaka na kodi

Ziara kubwa husafiri na nakala mbili au tatu za vyuma vya jukwaa, ili moja ikiwa inatumika, nyingine iwe inafungwa mji unaofuata. Malori yana sheria zake: katika Umoja wa Ulaya dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, ambazo zinaweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na lazima apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Njia inayoonekana fupi kwenye ramani inaweza kuhitaji dereva wa pili. Kati ya mabara, vyuma na spika vipelekwe kwa makontena ya melini wiki kadhaa kabla, na ndege zibebe ala na mitambo isiyo na nakala.

Angalia umeme. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), sehemu kubwa ya Ulaya volti 230 na hezi 50, na Japani volti 100 yenye hezi 50 upande mmoja wa nchi na 60 upande mwingine. Transfoma hurekebisha volti peke yake. Kinanda cha zamani cha Hammond kina mota inayozunguka kwa kufuata hezi za umeme, kwa hiyo kilichotengenezwa kwa hezi 60 kikichomekwa kwenye hezi 50 kitalia chini kwa takriban toni moja na nusu, na bendi nzima itaonekana imekosea. Tafuta kifaa cha kubadilisha hezi, au kodi kinanda cha huko.

Kwa upande wa forodha, hati ya ATA Carnet huruhusu vifaa kuingia kwa muda katika nchi zinazoitambua bila kulipiwa ushuru, kwa hadi mwaka mmoja, mradi kila kifaa kimeorodheshwa pamoja na namba yake na kinatoka jinsi kilivyoingia. Fulana na bidhaa za kuuza hazimo humo. Hatari inayowanasa wakongwe zaidi ni gitaa zao za kale: mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ndugu wa mpingo, umo tangu 1992 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na gitaa lenye mbao hizo haliwezi kuvuka mpaka bila cheti, hali kadhalika ala zenye pembe za ndovu. Cheti maalumu cha ala za muziki kipo na hudumu hadi miaka mitatu. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba gitaa hilo libaki nyumbani, na nakala yake nzuri ndiyo isafiri.

Watu nao wana mipaka yao. Raia wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya, wakiwemo Waingereza tangu 2021, huruhusiwa kukaa katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao) siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ambazo fundi alifanya kazi na msanii mwingine zinahesabika pia. Kuingia Marekani kunahitaji viza ya kazi ya wasanii ya kundi la O-1 au P-1, ombi lake haliwezi kuwasilishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na kulichelewesha ni kucheza na tarehe za kwanza. Kodi hutozwa pale msanii alipopanda jukwaani: Marekani humzuilia msanii wa kigeni asilimia 30 ya mapato ghafi, isipokuwa kama timu yake imeomba makubaliano ya kukatwa kwa kufuata makadirio ya mapato halisi, na ombi hilo hupelekwa siku zisizopungua 45 kabla ya onyesho la kwanza. Uingereza huzuia asilimia 20.

Bima, bei na tangazo

Bima ya msanii kushindwa kupanda jukwaani ndiyo ghali zaidi kwa mkongwe, na ndiyo ambayo uongo mdogo huiua. Ugonjwa wowote wa zamani utajwe; kampuni ikiuondoa kwenye mkataba, angalau meneja anajua ni hasara ipi itakayomwangukia yeye. Mgawanyo wa asilimia 85 ya faida kwa msanii na 15 kwa promota, pamoja na kiwango cha chini kilichohakikishwa, umezoeleka, lakini mkongwe ni heri akubali kuhakikishiwa fedha pungufu kidogo ili apate siku zaidi za mapumziko. Tangaza tarehe chache, kisha ongeza pale tiketi zinapokwisha. Usiiite ziara ya kuaga ikiwa si kweli, na hata ikiwa ni kweli, jua kwamba kuaga kunachukua muda: ya Elton John ilianza Septemba 2018, ikakatizwa na janga la korona na upasuaji wa nyonga, ikaisha Stockholm Julai 2023.

Onyesho likibidi kuahirishwa, tangazo litoke kabla mashabiki hawajaanza safari, lieleze sababu kwa sentensi moja ya kweli, liseme kwamba tiketi zinabaki halali au zitarudishiwa fedha, na litaje tarehe mpya kutoka katika zile zilizoachwa tupu. Mwisho wa awamu ya kwanza, msanii arudi kwa daktari yuleyule wa koo na afanyiwe kipimo kilekile cha usikivu, majibu yalinganishwe na yale ya mwanzo, na tarehe za awamu inayofuata zisitolewe kwa promota yeyote hadi majibu hayo yapatikane.